Siku Tuliyofurahia Nyongo

Mama aliuza mawese sokoni Buzebazeba, kwa hiyo viganja vyake vilikuwa vya njano siku zote. Macho nayo yalipoanza kugeuka njano, jirani yake wa sokoni alimtania: "Wee mama, unayauza au unayanywa?" Mama alicheka mpaka akashika meza. Nami nilicheka. Kicheko kile nakitamani mpaka leo, ingawa nikikikumbuka naona na aibu.

Baadaye akaanza kujikuna mwili mzima, na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Alisema nyongo imempanda. Kwetu nyongo ni ugonjwa wa nyumbani: unatwanga majani machungu ya mubirizi, unakunywa, unatapika, unarudi kazini. Nilimtwangia majuma matatu kabla ya kumpeleka hospitali.

Daktari alitazama picha ya tumbo, akasema taratibu: "Mama, kuna uvimbe kwenye mirija ya nyongo."

Mama akanipiga kiwiko. "Umesikia, mwanangu, mwana wanje? Si nilisema? Nyongo tu!"

Daktari aliendelea kueleza, lakini sisi tulikuwa tumeshasikia tulichokitaka. Tukapitia soko la samaki la Katonga kununua migebuka miwili. Jioni mama alikula vizuri, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na kichwa cha samaki wake akaniwekea mimi, kama alivyofanya tangu nikiwa mdogo.

Majibu ya damu aliyotolewa siku ile niliyafuata peke yangu. Safari hii daktari alinikalisha, akatamka saratani. Imeshasambaa, alisema. Tena damu ilionyesha mama alikuwa na homa ya ini aina ya B, pengine kwa miaka mingi. Kirusi chake hukaa kimya ndani ya ini, na kwa baadhi ya watu huleta saratani ya ini, au hata ya mirija ile.

"Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichomletea mama," alisema, "ila vinahusiana. Nyie watoto mpimwe. Mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa."

Mama hakumaliza mwezi. Baba alikuwa ametangulia zamani. Baba alipofariki niliacha shule darasa la sita, nikaenda kuanika dagaa ili mdogo wangu wa kike asome. Sasa tulibaki wawili, na hofu yangu yote ilikuwa juu yake. Nilimsihi Mungu kwamba kama lazima mmoja wetu awe na kirusi hicho, asiwe yeye.

Tulipopimwa, yeye hakuwa nacho. Akaanzishiwa chanjo. Mimi ninacho.

Alilia pale pale kwenye benchi la hospitali. "Dada, bora ningekuwa mimi."

"Acha upuuzi. Una mtihani Jumatatu."

Chanjo zake zote tatu nilimpeleka mwenyewe, ingawa alikuwa mrefu kuliko mimi.

Kila baada ya miezi sita narudi kupimwa. Nalala kitandani, napakwa ile dawa ya baridi tumboni, na kabla mpimaji hajasema lolote namuuliza: "Na mirija ya nyongo?"

"Safi, dada. Na ini pia."

Hapo kiwiko changu husogea chenyewe pembeni, kumtafuta mtu wa kumpiga. Kinagusa ukuta. Navaa, napitia Katonga, nanunua migebuka miwili. Mdogo wangu akija kula, kichwa namwekea yeye.