Nusura niipoteze sauti ya marehemu kwa kuhamisha faili la sauti kama maandishi

Wakuu, nawasalimu kutoka Kasese. Hii imenitokea mwenyewe mwezi huu huu, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kuna mama mmoja wa Bwera, tunamwita Mama Masika. Mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya, sasa ni marehemu. Alipougua alirekodi wimbo wa Lhukonzo, lugha ya huku kwetu, aliomtungia binti yao Masika, akasema upigwe siku ya harusi yake.

Harusi ikakaribia.

Wimbo ulikuwa kwenye desktop ya marehemu, inatumia Linux, na matundu yote ya USB yamekufa. Halafu Thembo, mdogo wa marehemu, alishaiahidi mashine kwa shule moja. Wakiichukua tu wanafuta kila kitu na kuweka Windows.

Nikaenda na laptop yangu ya Windows, nikaziunganisha kwa kebo ya mtandao, nikavuta kwa FTP, ile njia ya kuhamisha faili kati ya kompyuta, vitu viwili: maneno ya wimbo na sauti yenyewe. Maneno nikayafungua palepale, mistari imekaa vizuri. Nikaridhika. Nikala ugali wa muhogo na samaki, nikarudi Kasese.

Kesho yake asubuhi nafungua sauti...

Krrrrrr! Kelele tupu, kama mvua ya mawe kwenye mabati.

Nikaangalia ukubwa wa faili. Screen ya kule, inayoonyesha ukubwa wa faili la asili, nilikuwa nimeipiga picha. Faili lililofika kwangu lilikuwa kubwa kuliko la asili!

Hapo nikaelewa. Ile FTP ya command line ya Windows, usipoiambia kitu, inaanza na ascii mode, yaani inachukulia kila faili ni maandishi. Linux inamaliza mstari kwa alama moja, Windows kwa mbili. Kwa hiyo kila ilipokuta alama ya Linux, iliongeza nyingine. Kwenye maandishi huo ni msaada. Kwenye sauti, ile alama si mwisho wa mstari, ni kipande cha sauti yenyewe. Ukichomeka kitu hapo, umeharibu.

Nikampigia Thembo.

"Mzee, ile kompyuta iko wapi?"

"Iko kwa boda, tumeshafunga na kamba. Mwalimu wa shule iko naenda nayo."

"Isiende! Wimbo haujafika kwangu!"

Halafu nikamsikia anapiga kelele huko nje: "Weye, zima pikipiki! Mwalimu, shuka! Sauti ya kaka yangu iko ndani!"

Wakuu, nikanyakua laptop na kebo.

Nikapanda gari kurudi Bwera. Pale njia panda ya Kikorongo dereva alisubiri abiria mpaka nikatamani kushuka nitembee.

Nilimkuta Mama Masika ameketi kando ya mashine, mkono juu yake, kama anamlinda mgonjwa. Safari hii niliandika neno moja kwanza: binary, yaani faili lipite jinsi lilivyo, lisiongezwe kitu. Nikavuta. Ukubwa ukalingana. Nikapiga sauti hapohapo mbele ya wote.

Mama akafumba macho. "Ni yeye."

Nikamuuliza, "Mama, nikate hiki kipande cha mwanzo? Si wimbo."

"Usikiguse, mwanangu."

Siku ya harusi, Kinyamaseke, hema limejaa. Nikabonyeza. Kabla ya wimbo, sauti ya mzee ikatoka kwenye spika, kali kabisa:

"Masika! Fukuza hizo kuku, mi niko narekodi!"

Hema zima likaangua kicheko. Bibi harusi alicheka huku machozi yanashuka, akamshika mama yake mkono, ndipo baba akaanza kuimba.

Basi wakuu, nilichojifunza: maandishi yapite kwa ascii. Sauti, picha, video na zip, binary siku zote. Linganisha ukubwa, na ufungue faili kabla ya kuruhusu la asili lifutwe.

Nani mwingine yamemkuta? Mtiririke hapa, na waliobobea kwenye Linux mnirekebishe nilipoteleza.