Nilivyojifunza Kusoma Mitungi

Kwa miaka mitatu kazi yangu pale Emali ilikuwa kupanguza ndani ya magari. Wanaume waliosha nje. Mimi nilipewa viti, mazulia na dashibodi, kwa sababu mwenye kituo alisema mwanamke ana mkono wa nyumba. Sikumpinga siku hiyo. Nilihitaji kazi, na ndani ya gari angalau kuna kivuli.

Kituo kilikuwa kando ya barabara ya Mombasa, karibu na mahali ambapo malori hupunguza mwendo. Maji yetu yalitoka kisimani, na aliyewahi kunywa maji ya visima vya huku anajua yalivyo na chumvi. Gari jeusi likioshwa saa sita na kuachwa likauke lenyewe juani, lilibaki na madoa meupe kana kwamba limenyunyiziwa chokaa. Wenzangu walisema rangi za siku hizi hazina nguvu. Tuliosha kwa sabuni ya unga, ile ile ya kufulia nguo. Magurudumu tuliyapaka oili chafu iliyochanganywa na mafuta ya taa. Gari liliondoka likimetameta, na kabla ya kufika Kibwezi magurudumu yalikuwa yameshanasa vumbi lote la njiani.

Siku moja mwenye kituo alirudi kutoka Nairobi na mitungi minne ya lita ishirini. Akatuita tusimame mbele yake.

"Hii ni dawa ya wataalamu," alisema. "Zile chupa ndogo za supamaketi ni za mtu kuosha gari yake nyumbani Jumamosi. Kuanzia leo hapa ni pahali pa wataalamu."

Kisha akanitazama. "Wewe endelea na hizo chupa zako ndogo za shampuu. Hii mitungi si ya wewe kushika."

Wanaume walicheka kidogo. Mimi nilirudi kwenye viti vyangu, lakini maneno yale yalinikaa kama mwiba wa samaki. Shuleni nilikuwa mtu wa kemia. Baba alipougua nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nilirudi nyumbani kumuuguza, na alipofariki hakuna aliyezungumza tena habari za chuo. Daftari langu la kemia nililihifadhi. Sikuwa na sababu ya kulihifadhi, ila kwamba lilikuwa limeandikwa vizuri.

Basi kila mchana, wanaume walipokwenda kula muthokoi hotelini, mimi nilichuchumaa kando ya mitungi nikasoma. Nilisoma maandishi makubwa, nikasoma na yale madogo ya nyuma ambayo mtu huyaona tu akiuinamisha mtungi. Mtungi wa kuoshea rimu ulisema changanya sehemu moja na sehemu kumi za maji. Ulisema vaa glavu. Ulisema usitumie kwenye rimu za alumini ambazo hazijapakwa rangi, na usiache ikauke juani. Wanaume wetu walikuwa wakiimimina kama ilivyo, mikono mitupu, saa saba mchana.

Nilitaka kuwa na hakika kabla ya kufungua mdomo. Kwenye uzio wa kanisa letu kulikuwa na maua mekundu ya haibiskasi, na nilikumbuka jinsi mwalimu wetu wa kidato cha kwanza alivyotufundisha kuyaponda ndani ya spiriti ili kupata kipimo cha asidi. Mama mmoja aliyekuwa akifagia kanisani aliniona nikichuma, akaniuliza kama ni ya kupamba madhabahu. Nikamwambia ni ya kupima sabuni. Akaendelea kufagia.

Nilitia matone ya kila kitu kwenye vifuniko vya chupa za soda, nikatia na maji ya maua. Sabuni yetu ya unga ikageuka kijani. Dawa ya kuoshea injini ikageuka kijani zaidi, karibu na manjano. Dawa ya rimu ikawa nyekundu kali. Shampuu yangu ya gari, ya chupa ndogo yenye harufu ya stroberi, haikubadilisha chochote.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mwenye kituo hakulielewa wala hakutaka kulielewa. Chupa ndogo imepunguzwa makali kiwandani kwa sababu aliyeitengeneza hajui itaangukia mikono ya nani. Hata ukikosea, haitakuumiza sana. Mtungi mkubwa una nguvu yake yote, na anayeutumia ndiye anayetakiwa kujua kipimo, jua, chuma na rangi. Tulikuwa tumenunua mitungi tukasahau sehemu hiyo ya pili.

Nilimwambia. Nilimfuata ofisini, nikamwambia kwa heshima, nikamwonyesha vile vifuniko.

"Umeniletea maua," alisema. "Rudi kazini."

Wiki iliyofuata mama mmoja alikuja na gari jeusi kutoka Wote. Alikuwa mtu wa kujipenda. Rimu za gari lake zilikuwa za alumini tupu, zimesuguliwa hadi unaona uso wako. Mwenzangu mmoja alizipaka dawa, akaenda kujibu simu. Aliporudi, dawa ilikuwa imekauka. Alimwagia maji, akasugua, akasugua tena. Rimu zote nne zilikuwa zimefifia na kuwa nyeupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Mama yule alizizunguka moja moja. Mwenye kituo alitoka ofisini, akainama, akagusa moja kwa kidole.

"Mama, hizi zilikuwa zimeanza kuharibika," alisema. "Ni vumbi la breki. Sisi tumeondoa uchafu tu, ndio sasa unaona."

Nilikuwa ndani ya gari lile, nimeshika kitambaa. Nilitoka.

"Hapana, mama," nilisema. "Ni sisi. Tumetumia asidi bila kupunguza, na haikufaa kabisa kwa rimu kama hizi. Mtungi wenyewe umesema."

Nilikwenda nikauleta, nikauinamisha ili asome. Alisoma. Alisoma polepole, na mwenye kituo alisimama pale mikono nyuma. Sitaeleza yote yaliyosemwa baadaye. Mama yule alipata haki yake, na mimi niliambiwa nivue aproni. Niliikunja vizuri nikaiweka juu ya mtungi.

Nyumbani mama yangu aliuliza kwa nini nimerudi saa nane. Nilipomweleza, akauliza kama nilichosema kilikuwa kweli. Nikasema ndiyo. "Basi kaa ule," alisema.

Tuna kipande cha ardhi hapo hapo Emali, kwenye barabara ya kwenda Loitokitok. Niliezeka mabati manne juu ya nguzo, nikaanza kuosha magari ya majirani. Shida ilikuwa maji. Mama ana tangi la maji ya mvua, na maji yale ni ya kunywa. Tulibishana siku mbili. Mwishowe alikubali nitumie ya kisima kwa kuosha, na beseni mbili tu za mvua kwa kila gari, za kusuuza mwisho. Beseni mbili na kitambaa kizuri cha kukaushia vilitosha. Magari yangu meusi yaliondoka bila doa la chumvi, na watu waliona.

Kutoka gereji ya jirani nilipata boneti bovu la kujifunzia. Nilinunua mashine ya mtumba ya kung'arishia, na kwa miezi mingi nililisugua boneti lile hadi nikajua tofauti ya kompaundi inayokwangua na polishi inayolainisha, na jinsi nta inavyokataa kushika mahali penye mafuta. Nililitoboa rangi mara mbili, hadi chuma kikaonekana. Afadhali nililitoboa hilo bovu kuliko la mteja.

Halafu akaja mwalimu mstaafu kutoka Kyuso. Alifika Alhamisi asubuhi na gari la saluni la zamani, jekundu, ingawa wekundu wenyewe ulikuwa umebaki chini ya vipini vya milango tu. Sehemu nyingine zote zilikuwa waridi iliyochujuka, na juu yake vumbi la Kitui nzima. Binti yake alikuwa anafunga ndoa Jumamosi katika kanisa moja la hapa mjini. Wanawe walikuwa wamekodi gari jeupe. Yeye alikataa.

"Wanasema hii nipelekee watu wa vyuma," alinieleza. "Nimewaambia binti yangu ataingia kanisani na gari ya babake. Nimeambiwa kuna msichana hapa anajua dawa. Ni wewe?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Itawezekana?"

Nilisafisha kipande kidogo cha mlango, nikakikausha, nikakiangalia kwa karibu. "Itawezekana sehemu kubwa," nilisema. "Si yote."

Niliosha mara mbili, nikakausha, nikaweka polishi kwenye boneti na kuwasha mashine. Baada ya mizunguko michache sponji ilikuwa nyekundu kama imechovywa damu. Wakati huo wenzangu wa zamani wawili walikuwa wamesimama barabarani wakitazama, na mmoja akapiga simu. Muda si mrefu mwenye kituo mwenyewe akafika. Aliiona sponji, akamgeukia mwalimu.

"Mzee, pole," alisema. "Huyu kwangu alikuwa wa viti. Ametoboa rangi. Leta hiyo gari kwangu tuokoe yenye imebaki."

Watu walikuwa wameongezeka. Sikuona kwamba wote walikuwa na ubaya. Kwenye gari la kisasa, sponji ikishika rangi ujue umeharibu, na wao walijua hilo tu. Nilishikilia mashine kwa mikono yote miwili.

Mwalimu alinitazama. "Mwiitu wakwa, binti yangu, unasemaje?"

"Magari ya siku hizi yana tabaka lingine juu ya rangi, linaloonyesha kama kioo," nilisema. "Hii yako ilitengenezwa kabla ya hilo kuanza. Hapa juu ni rangi yenyewe. Ile iliyouawa na jua ndiyo inatoka, na iliyo hai iko chini. Nikiacha sasa itabaki na mabaka. Nipe mpaka saa tisa. Ikiharibika nitasema mbele ya hawa wote kwamba ni mimi."

"Msichana ameanza hotuba," mwenye kituo alisema.

Mwalimu alivuta kigoda cha mama yangu, akaketi. "Nimesahihisha madaftari miaka mingi," alimwambia. "Mwanafunzi akinionyesha jinsi alivyofikia jibu, simnyang'anyi kalamu. Na wewe kaa, kama una nafasi."

Hakukaa, wala hakuondoka. Alisimama pale, nami nikawasha mashine tena.

Nilibadilisha sponji nne. Nilipofuta mabaki ya boneti, wekundu uliojitokeza ulikuwa mzito, wa kina, kama nyanya iliyoivia shambani. Mtu mmoja nyuma alisema, "Haki," basi. Mwalimu aliinuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiangalia kuona kama kimeshika rangi. Hakikuwa kimeshika. Aliketi tena, na kwa jinsi alivyoketi nilijua ameridhika.

Paa halikupona. Upande wa kulia, jua la Kyuso lilikuwa limekula rangi hadi ile ya kijivu ya chini, mahali papana kama sinia. Nilimwita mwalimu nikamwonyesha.

"Hapa hakuna kilichobaki cha kung'arisha," nilisema. "Panataka fundi wa rangi, na hakuna wakati."

Mwenye kituo aliona nafasi yake. "Paka mafuta ya silikoni," alisema. "Itang'aa mpaka Jumapili, na mzee ataenda harusi yake na furaha."

"Itang'aa mpaka iguswe na mvua," nilijibu. "Na fundi atakayekuja kupaka rangi, rangi yake haitashika. Sipaki."

"Mteja hajasema hapana."

"Mimi ndiyo nimesema."

Sijui nguvu ile nilitoa wapi. Labda ilikuwa uchovu. Mwalimu alilitazama paa, akasema wageni wa harusi si twiga, na watakaoliona ni wale tu walioalikwa kutoka mbinguni. Watu walicheka, hata mwenye kituo alitabasamu kidogo kabla ya kukumbuka alikuja kufanya nini. Aliondoka bila kuniaga. Sikuhitaji aniage.

Nta niliipaka kwa mkono, polepole, gari zima isipokuwa pale paani. Mama yangu mwenyewe, bila kuombwa, alikuwa ameleta beseni ya tatu ya maji ya mvua kabla sijaanza kupaka, akaiweka chini na kurudi jikoni.

Kabla ya kuondoka, mwalimu alitoa kalamu na kijidaftari. "Niandikie," alisema. "Nikifika nyumbani nitalitunza na nini?"

Nilimwandikia. Shampuu ya gari ya chupa ndogo, kifuniko kimoja kwa ndoo. Asitumie sabuni ya unga kamwe. Vitambaa viwili vilaini, kimoja cha kuosha, kimoja cha kukausha, visichanganywe. Nta ya kopo, kila baada ya miezi mitatu, kivulini. Nilimwambia asinunue mtungi wowote, hata akiambiwa ni wa wataalamu, kwa sababu yeye gari lake linataka kutunzwa, haliko vitani. Alisoma kwa sauti, akasahihisha mahali nilipokosea herufi moja, akaitia karatasi mfukoni.

Jirani yangu anayeuza ndizi alikuwa amesikia yote. Gari lilipopotea kwenye kona, alitikisa kichwa.

"Umemfundisha kila kitu," alisema. "Sasa hatarudi."

"Asirudi," nikamwambia. "Kyuso ni mbali."