Mbuzi Thelathini na Wawili

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha hesabu Lodwar, na kila likizo nilikwenda kwa shangazi yangu, nje kidogo ya Kakuma. Huko nilikuwa na mshindani: mkimbizi kutoka Sudan, aliyefundisha hesabu kambini. Yeye alishikilia kwamba namba zilikuwapo kabla yetu. "Mbili na mbili ilikuwa nne hata kabla ya Adamu," aliniambia. Mimi nilisema namba ni kazi ya watu, kama sheria za mchezo. Tungezipanga vingine, zingekuwa vingine. Hakuna aliyekubali kushindwa. Vichwa vyetu vilikuwa vigumu.

Siku moja tuliubeba ubishi wetu hadi visimani, kwenye mto mkavu, nilikowapeleka mbuzi wa shangazi kunywa maji. Jamaa mmoja alikuwapo na mbuzi wake, makundi yakachanganyika. Sikujali. Nilitoka na mbuzi thelathini na wawili, nikarudi na thelathini na wawili. Nilihesabu mara mbili, nikavimba kichwa.

Shangazi hakuhesabu. Kwake yeye, kuhesabu mifugo ni kuita mikosi. Alitupa jicho mara moja tu.

"Masikio Nyeupe iko wapi? Na huyu mweusi ni ya nani?"

"Shangazi, wametimia. Thelathini na wawili."

"Mimi nauliza mbuzi, wewe unaniambia thelathini!"

Mjukuu wake mchanga, ambaye mama yake alikuwa amelazwa Lodwar, aliishi kwa maziwa ya Masikio Meupe. Mbuzi wengine wote walikuwa wamekauka maziwa kwa kiangazi. Na yule jamaa alikuwa ametuambia kisimani kwamba anahamia malisho ya mbali. Tukamkamata mweusi, tukakimbia juani, walimu wawili wazima wa hesabu.

Hatukufika mbali. Jamaa alikuwa anakuja, akimvuta Masikio Meupe kwa kamba.

"Ejok," alitusalimu, akicheka. "Huyu alikuwa ananiangalia kama mgeni."

Yeye naye hakuwa amehesabu. Roho yangu ilitua, nusura nimkumbatie.

Tulimpa mweusi wake, tukarudi nyumbani, na shangazi akamkamua Masikio Meupe papo hapo. Mwenzangu, mbishi hadi mwisho, akaninong'oneza: "Lakini namba haikukosea."

Haikukosea, kweli. Walikuwa thelathini na wawili asubuhi, thelathini na wawili mtoto alipokuwa akililia maziwa, na thelathini na wawili sasa, mtoto amelala, povu la maziwa likiwa bado mdomoni.