Picha Sita Zilizoshushwa

Nikiri kabla sijaulizwa: nilipokubali kutoa mhadhara kuhusu bienale, yale maonyesho makubwa ya sanaa yanayokutanisha nchi nyingi kila baada ya miaka miwili, sikuwa nimewahi kuingia hata moja. Nilizijulia kwenye simu. Kazi ya kupanga maonyesho nimejifundisha mwenyewe, kitandani Manzese, nikikuza picha za kumbi za ughaibuni kwa vidole viwili mpaka nione misumari.

Hofu yangu ilikuwa moja tu: mtu aniulize kama nimefika.

Basi nikajificha kwenye vipimo. Nilipewa ukumbi wa sherehe, ule wa harusi na vipaimara, nikatundika picha sita za wachoraji wa Tandale. Nilikuwa nimesoma kwamba katikati ya picha pawe usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Nikapima kwa futi, nikaweka pima maji, nikashuka kwenye ngazi, nikapanda tena. Picha ya tatu niliitundika mara saba. Kisha nikakimbia nyumbani kubadili shati, la tatu siku hiyo.

Niliporudi, picha zote zilikuwa zimeshushwa hadi usawa wa kifua changu. Mpambaji wa ukumbi, mama wa makamo, alikuwa anafunga kitambaa cha dhahabu kwenye meza kuu.

"Shikamoo, mama. Nani kashusha picha?"

"Marahaba. Mie."

"Mama, zilikuwa na vipimo!"

"Vya nani? Wageni wako watakaa kwenye viti. Wewe ulizitundikia twiga?"

Watu walishaanza kuingia.

Nikaanza kuongea. Nikaeleza mabanda ya nchi, kama ya maonyesho ya biashara ya Sabasaba ila ndani ni sanaa tupu, na jinsi mpangaji anavyoamua kipi kikae jirani na kipi. Nilitumia sauti ya mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. Ilikwenda vizuri mpaka fundi seremala aliyenitengenezea fremu, mzee wa safu ya mbele, akanyoosha mkono.

"Kijana, huko bienale, mtu akichoka kutembea anakaa wapi?"

Swali jepesi kabisa. Nikazitafuta kichwani picha zote nilizowahi kukuza. Niliona kuta, misumari, taa. Watu nilikuwa nimewatoa nje ya kioo cha simu ili nione misumari vizuri.

"Sijui, mzee," nikasema. Shati la tatu nalo lilikuwa limelowa. "Sijawahi kufika hata moja."

Kisha mpambaji akapaza sauti kutoka nyuma:

"Sasa hapo cha kutetemekea nini? Mie sijaolewa mpaka leo, na mabibi harusi wa mtaa huu wote nimewapamba mie!"

Watu wakacheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Fundi akavuta kiti kilichokuwa wazi kando yake, akakipigapiga.

"Njoo ukae hapa. Tuambie hizi zako. Hii ya mwanzo kwa nini umeiweka mlangoni?"

Nikakaa. Kwa mara ya kwanza nikaziangalia picha zangu nikiwa kwenye kiti, na kweli zilikuwa mahali pake. Jibu la swali la fundi nililijua, nikaanza kueleza bila karatasi.

Ya tatu ilikuwa imeinama kidogo upande wa kushoto. Mikono yangu nikaikalia, isiende kuinyoosha.