Nusu Uso wa Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na yeyote aliyewahi kupigwa picha katika chumba changu pale Kitale atakwambia. Ukifumba macho nakufokea. Ukikunja shingo nakufokea. Lakini kazi yangu watu huipenda, wanarudi, wanaleta na binamu zao, kwa hiyo kwa muda mrefu niliamini hasira hiyo ni kifaa cha kazi kama kamera yenyewe.

Tulikuwa na kundi la wapigapicha, wengine wa Kitale, wengine wa Bungoma, na mmoja wa Kapsokwony ambaye mtandao ulimsumbua kila mvua iliponyesha mlimani. Tulikutana kwenye simu tu. Kila Jumapili baada ya kanisa, mmoja wetu anaweka picha. Haruhusiwi kuieleza wala kuitetea. Anakaa kimya wenzake waichambue, wakimaliza anaandika "nimesikia", kisha anakwenda kuirekebisha na kurudi nayo wiki inayofuata. Na tulikuwa na sharti: picha ikishaingia kundini haitoki nje, haipelekwi kwa mteja wala kubandikwa popote, mpaka kundi liseme "ipite". Sharti hilo nililileta mimi. Kabla yake watu walikuwa wanaweka picha kutafuta sifa, unamwonyesha kosa, kesho unaikuta imetundikwa mjini na kosa lake vilevile. Nilichoka. Nikasema ama tuwe na adabu ya kazi, ama kila mtu aende zake. Walikubali, nikavimba kichwa.

Sasa mdogo wangu, msichana tuliyenyonya ziwa moja, alikuwa fundi wa kupamba maharusi. Hakuenda chuo chochote. Alianza kwa kuwapaka wasichana wa mtaa, wakamsifu, akaanza kuitwa Kimilili, akaitwa Chwele, akawa anatoka alfajiri kwa bodaboda na sanduku la vipodozi mapajani. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu. Shida ni kwamba harusi hazipo kila wiki. Ajenti wa kazi za Uarabuni alikuwa amemfuata mpaka nyumbani, pasipoti ilikuwa tayari, na mama yetu alikuwa ameanza ile tabia ya kumwangalia sana wakati wa kula.

Ndipo tukasikia kuhusu mama mmoja wa Kihindi pale Bungoma, mwenye duka la nguo za harusi. Alikuwa anafungua saluni humo humo dukani, na alitafuta mtu wa kukaa kwenye kiti cha kupamba maharusi. Alitaka kuona picha ya kazi ya mtu kwanza. Mdogo wangu akipata kile kiti, anabaki. Akikosa, anakwenda na ajenti. Hilo tulilijua sote, wala hakuna aliyemficha mwenzake.

Wazo la nusu uso lilikuwa lake. Upande mmoja upambwe kama bibi harusi, upande wa pili ubaki vile alivyoamka. Na uso uwe wake mwenyewe, kwa sababu, alisema, mteja akiona fundi amethubutu kuonyesha ngozi yake tupu, atamwamini. Nilimtania kwamba ngozi yake tupu itafukuza wateja. Akakaa mbele ya kioo changu akaanza kazi. Upande wa kulia ukapata poda, wanja, kope ndefu, midomo myekundu ya kiwango cha kanisani. Wa kushoto ukabaki na chunusi zake na ile alama ya tetekuwanga kando ya jicho. Nilimweka karibu na dirisha. Nikiwa natafuta umbali, redio ya jirani ikaanza kupiga kelele, nami nikatoka kwenda kumtolea uvivu. Niliporudi, mdogo wangu alikuwa amejikaza asicheke. Nikabonyeza hapo hapo.

Niliipenda picha ile, wacha niseme ukweli. Jumapili nikaiweka kundini.

Na walichosema kilikuwa kweli, hapo ndipo uchungu ulipo. Mmoja wa Bungoma alisema mwanga wa dirisha umepiga upande uliopambwa na kuuacha mwingine kivulini, kwa hiyo mtazamaji atadhani ni dirisha lililompendezesha, si mkono wa fundi. Mwingine akasema mstari unaogawa uso umepinda kwenye ncha ya pua. Yule wa Kapsokwony alikuja jioni, mtandao uliporudi, akasema kichwa kimeinama na midomo inataka kucheka, picha haijui kama ni kazi au ni mchezo. Nikaandika nimesikia.

Tukarudia. Nikaweka karatasi kubwa nyeupe upande wa pili ili irudishe mwanga, nikamfokea akanyoosha kichwa, tukabandika selotepu kuanzia paji la uso hadi kidevuni ili rangi isivuke mpaka. Ilikuwa bora mara nyingi kuliko ile ya kwanza. Kundi likasema mstari sasa umenyooka, lakini nywele zimechanwa pande zote mbili, kwa hiyo upande mtupu si mtupu. Nusu zisukwe, nusu ziachwe. Kweli tena. Nikashangaa sikuliona mwenyewe.

Tulipokuwa tunajiandaa kwa mara ya tatu, mdogo wangu alikuwa anafumua nywele kwenye stuli yangu, akasema taratibu, "Dada, si tupeleke tu ile ya kwanza?"

Nilimwambia akitaka picha ya haraka aende stendi kwa wale wa pasipoti.

"Lakini yule mama..."

"Yule mama atangoja," nikasema. "Hajaona picha kama hii tangu azaliwe."

Akaendelea kufumua. Mimi nikaona nimeshinda mabishano, nikawasha taa.

Ile ya tatu nayo haikupita. Midomo ya upande mwekundu ilikuwa imevuja kidogo chini, na macho yake yalikuwa yanatazama pembeni, kama mtu anayesikiliza kitu nje. Nilipomsomea maoni, mdogo wangu aliniuliza tu tutapiga lini tena, nikamwambia Jumamosi.

Jumamosi hiyo alifika mapema, tayari amejipamba nusu kule nyumbani, mstari umenyooka bila hata selotepu. Jicho la upande mtupu lilikuwa jekundu na lenye maji. Nilimuuliza, akasema ni poda imeingia. Na mimi, mpigapicha niliyejifanya naona kila kitu, nikafurahi, kwa sababu lile jicho lilimeremeta vizuri kwenye mwanga. Nikamwambia asilifute. Hakulifuta. Alinitazama moja kwa moja ndani ya kamera, hakucheka wala hakukunja uso, nami nikapiga nikaridhika.

Jumapili kundi zima lilisimama. Walisema upande uliopambwa unapendeza, lakini upande mtupu ndio unaoongea. Wa Kapsokwony, ambaye husifu kwa shida, aliuliza nimemwelekezaje mtu mpaka jicho lake likawa vile. Mmoja baada ya mwingine wakaandika ipite, ipite, ipite. Nilicheza peke yangu jikoni na mwiko mkononi. Kisha nikampigia mdogo wangu kumpa habari.

Akasema asante. Akasema pia ameshaweka sahihi kwa ajenti, anaondoka Ijumaa.

Nilimkaripia kwa haraka yake. Nikamwambia sahihi si pingu, kesho naipeleka picha Bungoma mwenyewe na kile kiti atakipata. Akasema haya dada, nenda.

Jumatatu niliichapa kubwa, nikaitia fremu, nikaibeba hadi Bungoma nimeikumbatia. Yule mama alikuwa nyuma ya kaunta akikunja magauni. Nilijitambulisha, nikamwamkia, nikaifungua picha mbele yake. Aliitazama kwa muda, akavua miwani, akaitazama tena.

"Nzuri sana," akasema. "Lakini mimi nilipenda ile anataka kucheka."

Nikamuuliza ipi.

Akanieleza bila kinyongo, huku akiendelea kukunja. Mdogo wangu alikuwa ameenda kwake mapema, katikati ya ile wiki ya kwanza, bila kuniambia, akamwonyesha picha kwenye simu. Yule mama akaipenda. Akamwambia aichape hiyo hiyo, kubwa, aitundike mlangoni, na aanze kazi Jumatatu. Msichana akafurahi mpaka akamshika mkono. Halafu akasema picha bado haijapita. Mama akauliza haijapita wapi.

"Akaniambia, kwa dada yangu. Ati dada yangu akikuta picha ile mlangoni kabla haijakuwa sawa, ataona aibu kwa wenzake. Nikamwambia basi anza tu, picha italetwa baadaye. Akasema hapana, ngoja kidogo, anataka waanze pamoja, kazi yake na picha yako." Akaweka gauni chini. "Nikangoja. Lakini maharusi wangu wana tarehe zao, mama. Ijumaa nilimpigia simu, nikamwambia nimechukua mwingine. Alilia kidogo. Mimi pia nilisikia vibaya."

Ijumaa. Na Jumamosi asubuhi alikuja kwangu, nusu ya uso amejipamba na nusu hajajipamba, akaketi, nikamwambia asilifute lile jicho.

Nyuma ya duka, kwenye kile kiti, msichana mwingine alikuwa anampaka mteja wanja. Alikuwa anafanya vizuri, siwezi kumsingizia. Niliichukua fremu yangu, nikashukuru, nikatoka. Sikumbuki nilichopanda kurudi Kitale.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba kiti kimepata mtu. Alisema hamna neno. Sikumwambia yale mengine, nilishindwa. Ijumaa tulimsindikiza, mama akambebea chapati za njiani ingawa tulijua watamnyang'anya uwanja wa ndege.

Watu husema majuto ni ya yule aliyekosea, nami nikijikagua naona kwamba kila marekebisho tuliyofanya yalikuwa sahihi. Mwanga ulikuwa mbaya kweli. Mstari ulikuwa umepinda kweli. Wenzangu hawakuniongopea hata mara moja, na hata leo nikiziweka picha zote sambamba, ile ya mwisho ndiyo bora. Ningekuwa nimedanganywa ningekuwa na wa kumkasirikia. Nimebaki na hasira zangu zote mikononi na sina pa kuzitupa. Ninachojutia ni lile "lakini yule mama" nililolikata. Alikuwa ananiambia. Ningemwacha amalize sentensi moja, bana, moja tu.

Hupiga simu siku zake za mapumziko. Analea watoto wa watu, anasema si wabaya, dogo anampenda. Sanduku la vipodozi hakwenda nalo, liko kwa mama chini ya kitanda. Juzi aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za jirani, kama yule mama wa Bungoma bado ana duka. Nikasema bado. Akauliza kama saluni inafanya kazi. Nikasema inafanya.

Nilijua anangoja nijue kwamba kile kiti kilikuwa chake, na mimi nilikuwa najua, na neno la kuomba msamaha lilikuwa limeshafika mdomoni. Akasema mtoto ameamka, inabidi aende. Nikamwambia nenda.