Kulia Juu ya Kushoto

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize kicheko chake chote, ndipo asome. Mie sikuota, wala sikuwa na homa. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi la mwanangu, hapa hapa Peckham, London, ghorofa ya nne, nimevaa soksi mbili mbili kwa baridi, chai yangu ya tangawizi iko pembeni inafuka moshi. Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, maana skuli niliishia darasa la nne. Kwa nini naandika badala ya kuwarekodia sauti kama wafanyavyo wanawake wenzangu, mtaelewa mbele.

Mjukuu wangu anaitwa Nasra. Kazaliwa hapa, kakulia hapa. Mama yake, mwanangu Zuwena, anafanya kazi ya kutunza wazee, kwa hivyo mtoto akitoka skuli yuko na mie. Ukimsemesha Kiswahili anakuelewa mpaka mafumbo, lakini jibu utalipata kwa Kiingereza. Isipokuwa neno moja. Ukimwita "Nasra!" ataitika "Abee!" kama msichana aliyelelewa Wete, kwetu Pemba. Hilo nilimfundisha mie tangu anatambaa, na nilikuwa nikijisifu nalo harusini na msibani. Wajukuu wa wenzangu wakiitwa na bibi zao wananyanyua nyusi tu. Wangu anaitika Abee. Liwekeni kichwani neno hilo.

Sasa huyu Nasra wangu ana miwani. Si miwani ya kusomea. Ni dude zima linafunika nusu ya uso, kama la mchomelea vyuma. Ukilivaa, sebule inapotea, unajikuta dunia nyengine. Mwanzo nilidhani ni mambo ya kupigana bunduki. Kumbe mwenzangu anakwenda kwenye bustani, watu wa kila nchi wanakusanyika mle wamevaa kimono, zile nguo za Kijapani za zamani, mikono mipana kama mabawa, mshipi umefungwa mgongoni fundo kubwa kama mto wa kulalia. Wanatembezeana nguo, wanasifiana. Na nywele je! Kila mwezi una pambo lake la kuchomeka kichwani. Mwezi wa pili maua ya plamu, wa nne ya cheri, wa tano maua ya zambarau yananing'inia mpaka shavuni, wa kumi na moja majani mekundu ya miti inayopukutika. Ukivaa ua la mwezi usio wake, wanakuona mshamba.

Mie hayo niliyaelewa kuliko alivyodhani. Si sisi tulikuwa na vikuba? Asumini, rehani, kilua, unakichomeka kifuani jioni, na aliyetoka na kikuba kilichonyauka alisemwa mpaka akome. Nikamwambia Nasra, "Hawa Wajapani ni watu wa kwetu." Akacheka mpaka akakaa chini. Siku ya pili akaipiga picha kanga yangu ya korosho, nyekundu na nyeusi, akaigeuza kitambaa cha mle ndani, akanishonea kimono. Pindo la kanga likapita chini miguuni, limenyooka kabisa. Nililia. Fundi gani wa mtaa huu angeweza?

Ilikuwa Novemba, siku zile jua linazama watoto hawajamaliza hata kuvua viatu vya skuli. Nasra akanivisha miwani, akanipa vishikio viwili, kimoja kila mkono, yeye akawa anaongoza kwa simu yake. Nikajiona kwenye kioo cha mle ndani: mwanamke mrefu, mwembamba, hana goti bovu. Akanichomeka majani mekundu kichwani. Kisha akanifunga ile kimono, ubavu wa kushoto ukaja juu ya wa kulia.

"Mbona kushoto juu?" nikamuuliza.

"Ndivyo inavyovaliwa, Bibi. Siku zote," akasema kwa Kiingereza chake.

"Kushoto ni kwa chooni, mwanangu. Jambo la heri linakuwa kulia."

"Bibi, tafadhali. Usiguse kitu. Nageuza chapati narudi."

Akenda jikoni. Na mie nikagusa. Nimeingia kila nyumba kwa mguu wa kulia, nimekula kwa mkono wa kulia maisha yangu yote, nitavaaje kushoto juu mbele za watu? Nikafungua mshipi, nikaleta kulia juu, nikasema Bismillahi, nikaona sasa nimevaa kama mtu. Simu yangu ikaadhini magharibi pale mezani. Nikasema nitazame bustani kidogo tu, kisha nivue nikaswali. Kidogo tu!

Mle ndani kulikuwa na taa za karatasi, daraja jekundu, na watu tele. Wakanigeukia. Wa kwanza akafunika mdomo kwa mkono wa kimono yake. Wa pili akarudi nyuma. Juu ya vichwa vyao yakaanza kutoka maandishi, ya Kijapani, ya Kiingereza, mie sikuyasoma hata moja. Nikadhani wanasifu kanga yangu. Nikajizungusha niwaonyeshe na mgongo. Nilipogeuka tena, bustani ilikuwa tupu.

Si tupu. Darajani alisimama mwanamke mmoja.

Kimono yake nyeupe, haina ua hata moja. Kichwani kaweka maua ya cheri, ya mwezi wa nne, na sisi tuko Novemba. Na yale maua yalikuwa yakipukutika, moja moja, na hayaishi. Watu wote mle wana jina linaelea juu ya kichwa. Yeye hakuwa nalo. Wote mle wanateleza kama wamewekwa kwenye magurudumu, yeye alitembea. Nilizisikia mbao za daraja zikilia chini ya miguu yake. Na nikasikia harufu ya kafuri. Kafuri ile ile tunayowatia maiti wetu. Hebu niambieni, miwani gani inatoa harufu?

"Umechelewa, shoga," akaniambia.

Kwa Kiswahili. Na si Kiswahili cha redioni, cha kwetu kabisa, ungesema kazaliwa mlango wa pili kutoka kwa mama yangu.

"Nnakujua?" nikauliza.

"Tutajuana. Umevaa vizuri wewe. Hawa wengine wote wamevaa kinyume." Akanyoosha mkono, akanigusa pale kwenye majani mekundu. Baridi ikaniingia kwenye ngozi ya kichwa. Kichwa changu hiki hiki, si cha yule mrefu mwembamba. "Nyumbani kuna nani mwengine?"

Nilitaka kusema hakuna mtu. Wallahi nilifungua mdomo, koo likafanya kazi yake, na sauti haikutoka. Yeye akatabasamu. Akafungua mdomo wake. Sauti yangu ikatokea kwake.

"Nasraaa!"

Na ule mvuto wa mwisho, ninavyovuta mie! Nikasikia kutoka jikoni, mbali kama mtu aliye ng'ambo ya maji, mtoto wangu anaitika:

"Abee, Bibi!"

Kwenye kiganja cha yule mwanamke likachipua ua la pili la cheri, dogo, la kichwa cha msichana.

Nilirusha vile vishikio? Sikuweza. Vidole vilikuwa vyangu na si vyangu. Nilijaribu kupiga mguu sakafuni, Nasra asikie, mguu ukawa kama wa mtu mwengine.

"Nasra, njoo mwanangu," akaita tena kwa sauti yangu. "Chukua kanga yangu hapo kitini, jifunge."

"Abee!"

Lile ua likafunguka. Mama yangu alikuwa akituambia, magharibi ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Ukiitika mara tatu, wewe ni wake. Na mie nilimfundisha huyu mtoto kuitika. Nilimfundisha vizuri! Hakosei!

Nikainamisha macho kwa hofu, nisimtazame yule mwanamke, na hapo ndipo nilipojiona kifua. Kulia juu ya kushoto. Nikamwona na yeye kifua chake cheupe. Kulia juu ya kushoto. Nimesaidia kukafini wanawake wangapi, Pemba na hapa London? Sanda unalaza ubavu wa kushoto kwanza, unamalizia kwa wa kulia. Wale watu hawakuwa wanasifu kanga yangu. Mie nilikuwa nimejivika sanda kwa mikono yangu, nikasema na Bismillahi juu yake.

Yeye akavuta pumzi aite tena.

Mikono ilikataa kila kitu, lakini kwenye nguo ilitii. Nikaushika mshipi, nikauvuta, ukafunguka. Nikaachanisha ile kimono, nikaukamata ubavu wa kushoto, ule niliouita wa chooni, nikauleta juu na kuugandamiza kifuani kwa nguvu zote za mkono huu wenye baridi yabisi. Yule mwanamke akanitazama kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo. Maua yake yote yakadondoka kwa pamoja, na chini ya maua hamkuwa na nywele, wala hamkuwa na kichwa.

Nikaing'oa ile miwani mpaka ngozi ya pua ikatoka.

Nasra alikuwa amesimama mbele yangu. Macho kayafumba. Kajifunga kanga yangu, mtoto asiyejua kufunga kanga, kila siku inamdondoka; safari hii imekaa imara, imembana kutoka shingoni mpaka chini, na kulia kuko juu ya kushoto. Mdomo keshaufungua, "A" imefika kwenye meno. Nikamtia kofi. Sijawahi kumpiga maisha yangu. Nikamfunika mdomo kwa kiganja, nikaichana ile kanga mwilini mwake, nikamkumbatia, na chapati zinaungua jikoni.

Alipoweza kusema, aliniambia, "Bibi, si wewe uliyeniita? Uliniambia nijifunge." Nilipomwonyesha kwa vidole vile nilivyoigeuza kimono, akaisukuma ile kanga mbali kwa mguu. Kumbe alikuwa anajua. Wajapani nao, kulia juu wanamvisha maiti tu. Hakutaka kunitisha, ndiyo maana aliniambia nisiguse tu, bila kunieleza kwa nini.

Sauti yangu haikurudi. Madaktari wametia vidude vyao kooni, wakasema hakuna ubaya wowote. Ninanong'ona tu, kama upepo chini ya mlango. Ndiyo maana naandika. Miwani Zuwena aliitia kwenye mfuko, akaitupa. Pale nilipoguswa kichwani, nywele zimetoka nyeupe pe, kiasi cha ua moja, na hina haishiki.

Na magharibi, siku nyengine, Nasra anatoka chumbani kwake uso umemparama, anakuja kunitazama kama niko kochini. Niko. Namwona anavyokaza midomo. Keshaisikia sauti yangu ikimwita, kutoka kwenye kompyuta iliyozimwa, au kwenye ngazi, au nyuma ya pazia. Siku hizi mie nikimtaka nagonga bilauri kwa kijiko. Naye hajibu, anakuja tu. Lile neno lake moja nimelizika mwenyewe.

Wewe unayesoma, kama una binti anayependa nguo nzuri na maua ya nywele, mwache apende, hakuna kosa. Lakini jua likizama, mvue miwani. Na mtazame kifua: ubavu gani uko juu?

Na ukisikia bibi wa Kipemba anakuita kwa jina lako, sauti nzuri, nzito kidogo, anavuta mwisho wa jina kwa mapenzi, ni sauti yangu hiyo. Aliyenayo si mimi. Usiitike.