Meneja alisugua chujio kwa klorini ili mgeni rasmi aone pasafi, samaki wa Chala wakafa

Wakuu, habari za mchana.

Nina hasira, na nimeona niandike kabla haijapoa. Ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu. Sehemu niliyokosea mimi nitaisema pia.

Mimi ni fundi mitambo, naishi Soweto hapa Moshi. Miaka miwili sasa nafanya kazi kwenye kituo kimoja cha utalii, njia ya kupanda Kilema. Jina silitaji. Tuna matangi makubwa ya vioo yenye samaki wa maziwa yetu, na shule zinaleta wanafunzi kwa mabasi kuja kuangalia.

Mgeni anaona kioo na samaki. Haoni chumba cha nyuma.

Huko nyuma kuna pampu zisizozimwa, chujio la mchanga la kukamata kinyesi na mabaki ya chakula, mashine ya kupuliza hewa, hita kwa sababu maji ya mlimani ni ya baridi, na jenereta inayosubiri umeme ukatike.

Halafu kuna tangi la bio, yaani chujio la bakteria. Hili ndilo roho ya kazi yote. Limejaa vipande vya plastiki, na juu ya vipande hivyo wanaishi bakteria. Samaki wanatoa amonia, amonia ni sumu, bakteria wanaigeuza isiue. Wanachukua wiki nyingi kuota, na wakishaota, plastiki inapata utando wa kahawia unaoteleza. Usipoelezwa utasema hapa hapajasafishwa tangu uhuru.

Tangi kubwa lilikuwa na samaki arobaini wa Ziwa Chala. Ni aina ya sato ambayo, kwa tulivyoelezwa na waliowaleta, huipati ziwa lingine. Walikuwa wameanza kuzaana. Dada Neema, anayewalisha, alikuwa akituita mmoja mmoja kutuonyesha jike aliyebeba mayai mdomoni, utadhani mjukuu wake.

Basi ikatangazwa mgeni rasmi anakuja Jumatano.

Mnatujua tulivyo. Kuta zikapakwa rangi, mawe ya bustani yakapakwa chokaa. Meneja akaingia chumba cha mitambo, kwa kuwa mgeni angepitishwa huko, akafunua tangi la bio na kuziba pua. (Halinuki. Aliziba tu.)

Nikamweleza yote niliyowaeleza nyinyi. Akacheka, akaniuliza toka lini kituo chake kinafuga bakteria. Nikasema asiguse, akasema sawa. Nami nikaridhika na hiyo sawa. Sikuandika popote, sikufunga kufuli. Hapo ndipo nilipokosea.

Jumamosi nilikuwa Mwika kwenye mazishi ya mjomba. Simu niliizima, maana mazishi ni mazishi. Nilipoiwasha nikakuta Neema amepiga mara tisa.

Jumapili nilifika kazini nikakuta plastiki zimekuwa nyeupe kama sahani za harusi. Meneja alileta watu wa usafi na madumu ya klorini, wakasugua kipande kwa kipande. Neema alijaribu kuwazuia, akaambiwa kazi yake ni kulisha. Alichoweza ni kuzisuuza mara nyingi kabla hazijarudishwa.

Niliondoka pale mlangoni nikaenda kusimama nje. Nilihisi nitampiga mtu.

Jumatatu asubuhi nikapima maji. Kichupa cha kupimia amonia kikiwa njano uko salama. Chetu kilikuwa kijani kibichi. Samaki walikuwa juu, midomo nje, wanatafuta hewa. Sita walishakufa, na yule jike alikuwa mmoja wao.

Dawa ya haraka ni kubadilisha maji. Lakini maji ya bomba yana klorini, na dawa ya kuiondoa ilikuwa imeisha. Nilishaomba iagizwe. Likanunuliwa kapeti jekundu.

Maji safi ya karibu yalikuwa ya mfongo, ule mfereji wa wazee unaoteremka kutoka msituni na kupita upande wa juu wa uzio wetu. Ila mfongo una zamu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mama Manka, jirani yetu, na kahawa ya kihamba chake, shamba la nyumbani, ilikuwa inanyauka. Halafu huyu ni mama ambaye mwaka jana meneja alitaka mfongo wao uhamishwe kisa unapita karibu na geti.

Nilikwenda kwake kwa aibu. Nikatoa shikamoo, nikaeleza. Alisikiliza jembe likiwa mkononi, kisha akauliza kama kweli ni samaki wa Chala. Kumbe kazaliwa Rombo, liliko ziwa hilo, na baba yake alivua humo.

"Chukua maji, mwanangu," akasema. "Kahawa ina mizizi, itavumilia. Samaki atakimbilia wapi?"

Akaziba mwenyewe njia ya shambani kwake.

Tukavuta mpira, tukaingiza maji taratibu ili baridi isiwashtue. Kwenye banda la nyuma kulikuwa na tangi dogo ambalo wasafishaji hawakulijua. Nikachukua sponji la chujio lake, chafu kabisa, nikalikamua kwenye tangi la bio ili bakteria waanze upya.

Walipona kumi na mmoja. Tukawahamishia lile tangi dogo.

Jumatano mgeni rasmi akaja. Tangi kubwa lilikuwa limejazwa sato wa bwawa la mtu, na kibao bado kinasema SAMAKI WA ZIWA CHALA. Mgeni akasifia usafi wa chumba cha mitambo. Watu wakapiga makofi.

Mama Manka alikuwepo, maana majirani walialikwa. Aliangalia kioo, akanisogelea.

"Hawa siwajui. Wale niliowapa maji wako wapi?"

Nikampeleka bandani. Aliinama mbele ya lile tangi dogo, akawahesabu mmoja mmoja.

Jana nimepewa barua. Inataka nisaini kukiri kwamba niliingiza maji ya mfongo bila kibali na ndiyo yaliyoua samaki. Nikisaini, meneja anapata karatasi ya kupeleka kijijini kudai mfongo uhamishwe.

Funzo nililopata: ukiwa fundi, usiridhike na "sawa" ya bosi. Andika, bandika ukutani, funga kufuli.

Wajuzi wa sheria za kazi, nawasikiliza. Waliowahi kupewa barua kama hii, mlifanyaje? Ila atakayeniambia nisaini nilinde ugali wangu, kwanza anionyeshe njia ya kufika kazini isiyopita mbele ya kihamba cha Mama Manka.